Mume wangu anasema bima ya ziada ni hasara, naye hajui habari za moyo wangu

Dada Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Marekani. Nimetimiza miaka 65, na Medicare yangu, bima ya afya ya serikali kwa wazee, sehemu A ya kulazwa hospitali na B ya madaktari, imeanza miezi miwili iliyopita, siku ileile bima yangu ya kazini ya miaka mingi ilipokoma. Mume wangu ana miaka 68, anatumia Medicare peke yake, hajawahi kulazwa, na anasema bima ya ziada ni kuwatajirisha mawakala. Juzi alipiga hesabu nyuma ya bahasha, malipo ya mwezi mara 12 mara miaka 10, akaibandika kwenye friji. Asilolijua ni kwamba mwaka jana daktari aliniambia mapigo ya moyo wangu hayana mpangilio. Nimemwambia mdogo wangu tu. Je, nikate bima kimya kimya? Kampuni hazitanikataa? Nina karatasi za kampuni nne, kila moja ina mpango G na mpango N, na sijui nichague upi. Tena kila mwaka huenda Tanga kumwona mama. — Mwenye Siri

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwenye ile bahasha, kwa sababu mumeo amepiga hesabu nzuri kabisa kwa ajili ya mke mzima, na mke huyo siye wewe. Nitarudi kwake. Kwanza tushughulikie jambo lenye tarehe.

Bima ya ziada ya Medicare, ile iitwayo Medigap, ina kipindi kimoja cha miezi 6 kinachoanza mwezi ambao mtu ana miaka 65 au zaidi na sehemu B yake imeanza kutumika. Ndani ya miezi hiyo hakuna kampuni inayoruhusiwa kukukataa au kukupandishia bei kwa sababu ya moyo wako, kwa hiyo huna haja ya kumficha mtu yeyote ugonjwa huo. Kipindi hicho kikiisha, katika majimbo mengi kampuni huwa na haki ya kuchunguza afya yako na kukufungia mlango. Miezi miwili umekwisha kuitumia, imebaki minne. Ni kweli kwamba kampuni inaweza kukuwekea muda wa kungoja, usiozidi miezi 6, kabla ya kulipia ugonjwa uliokuwa nao tayari, lakini kwa kuwa bima ya kazini ilikufunika hadi siku ya mwisho bila pengo, muda huo unapaswa kufutwa. Omba barua ya kuthibitisha bima hiyo leo, usingoje uulizwe.

Sasa hizo karatasi. Tangu 1992 mipango ya Medigap imewekwa kwa kiwango kimoja na kupewa herufi, na isipokuwa katika majimbo ya Massachusetts, Minnesota na Wisconsin yenye utaratibu wake, mpango G wa kampuni moja hulipia mambo yaleyale ya mpango G wa kampuni nyingine. Kwa hiyo mbele yako huna mipango minane, una miwili tu yenye bei nne nne. Yote miwili hukulipia kiasi cha kwanza cha kulazwa hospitali, yaani fedha ambazo mgonjwa hutoa kabla Medicare haijaanza kulipa, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 1,676, na asilimia 20 ambayo sehemu B huiacha juu ya kichwa cha mgonjwa. Yote miwili hukuachia kiasi cha kwanza cha sehemu B, dola 257 kwa mwaka huohuo. Tofauti ni kwamba kwa mpango N unaweza kutozwa hadi dola 20 kila unapomwona daktari, na hadi dola 50 ukienda chumba cha dharura bila kulazwa. Tena daktari asiyekubali bei ya Medicare akiongeza ada yake, nyongeza inayoweza kufika asilimia 15, G huilipa na N haiilipi.

Mtu mwenye moyo wa kufuatiliwa hamwoni daktari mara moja kwa mwaka. Tuseme utakwenda mara 12: hizo ni dola 240. Ikiwa N ni nafuu kuliko G kwa zaidi ya kiasi hicho kwa mwaka, na madaktari wako wote wanakubali bei ya Medicare, chukua N bila kusitasita; la sivyo, mimi ningechukua G. Lakini usiangalie bei ya leo peke yake. Iulize kila kampuni kama bei yake ni moja kwa watu wa umri wote, au hufuata umri uliokuwa nao ulipojiunga, au hupanda kadiri unavyozeeka, kwa maana hii ya mwisho ndiyo mara nyingi huonekana rahisi kuliko zote ukiwa na miaka 65, kisha ikakulemea ukiwa na 80.

Kuhusu safari za Tanga, Medicare yenyewe kwa kawaida hailipi nje ya Marekani. Mipango yote miwili hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura yanayoanza katika siku 60 za kwanza za safari, baada ya wewe kulipa dola 250, na ukomo wake ni dola 50,000 kwa maisha yako yote.

Dawa hazimo. Hizo zinahitaji sehemu D, na kuchelewa kujiunga nayo huleta faini inayodumu, basi ishughulikie wiki hii. Kila jimbo lina washauri wa bure wa mpango uitwao SHIP ambao hawauzi bima. Wapigie kabla ya kumrudia wakala yeyote.

Kukata bima kimya kimya, hapana. Malipo yataonekana benki mwezi wa kwanza, naye atajua umemficha mambo mawili badala ya moja. Bandua ile bahasha, kaa naye, mwambie alichosema daktari kwa maneno yaleyale uliyomwambia mdogo wako. Kisha mwombe aandike upande wa pili: matibabu ya moyo ya dola 60,000 bila kulazwa, asilimia 20 yake ni dola 12,000, na kwa Medicare peke yake hakuna kikomo cha fedha ambazo mgonjwa anaweza kudaiwa kwa mwaka. Akimaliza kuandika, atauliza kuhusu yeye mwenyewe. Kila mtu hukata bima yake, na kama sehemu B yake ilianza akiwa na miaka 65, miezi yake 6 imepita, kwa hiyo huenda akaulizwa maswali ya afya. Basi aulize bei sasa, akiwa bado ana majibu mazuri ya kuwapa.