Mita 2 za sekunde 8 na mita 2 za sekunde 16

SWALI: Najifunza kuteleza mawimbini kwa ubao. Wiki moja utabiri ulisema mawimbi ya mita 2, nikaingia majini bila taabu. Wiki iliyofuata ulisema mita 2 vilevile, lakini mawimbi yalinizidi nguvu hata nikashindwa kuyavuka. Je, utabiri ulikosea? Na nitajuaje kama ni salama kushuka ufukweni kwa njia ya miambani?

JIBU: Sidhani kama utabiri ulikosea. Tazama namba inayoandikwa kando ya urefu, ile ya sekunde. Huo ndio muda unaopita kati ya kilele kimoja na kinachofuata, na mimi huusoma kabla ya mita.

Kwenye kina kirefu, zidisha sekunde kwa sekunde, kisha kwa 1.56, utapata umbali wa kilele hadi kilele. Wimbi la sekunde 8 lina mita 100 hivi. La sekunde 16 lina mita 400. Wimbi huanza kuigusa sakafu ya bahari pale kina kinapofikia nusu ya umbali huo, yaani mita 50 kwa la kwanza na mita 200 kwa la pili. Likishagusa, hupunguza mwendo, hujibana na kuinuka. Kwa urefu uleule wa mita 2 baharini, la sekunde 16 hubeba nguvu maradufu. Kwa kanuni wanayotumia wahandisi wa pwani, hilo la sekunde 8 litavunjika likiwa na takriban mita 2.5, na la sekunde 16 mita 3.2, hata kabla ya kuhesabu miamba inayoyapinda mawimbi na kuyakusanya mahali pamoja.

Nazaré, Ureno, ndiko jambo hili linakoonekana wazi kuliko kote. Korongo refu la chini ya bahari linafika karibu kabisa na ufuko. Sehemu ya wimbi iliyo juu ya korongo huendelea kwa kasi, iliyo pembeni hupunguza mwendo, basi wimbi hupinda na pande hizo hukutana mbele ya ufuko wa Praia do Norte. Huko ndiko Sebastian Steudtner alikoteleza juu ya wimbi la mita 26.21 tarehe 29 Oktoba 2020. Ng'ambo ya rasi iliyo kando ya ufuko huo, ufuko wa mjini mara nyingi huwa mtulivu zaidi.

Kumbuka pia kwamba "mita 2" ni wastani wa theluthi ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Ndani ya saa chache, moja laweza kukaribia mita 4.

Kuhusu miamba: njia kuwa wazi kwa umma ni haki yako ya kupita, ila haikuambii lolote juu ya bahari ya siku hiyo. Mawimbi ya sekunde nyingi huja kwa makundi, na kati ya kundi na kundi maji yanaweza kutulia dakika 10 au zaidi. Utulivu huo umewaponza wengi. Simama juu, pakavu, utazame nusu saa nzima. Angalia mwamba umelowa hadi wapi, kwani palipolowa maji yamefika na yatafika tena. Jua pa kutokea kabla hujaingia, na uulize kama maji yanajaa au yanakupwa.

Mwisho, mawimbi ya dhoruba ya mbali hayafiki pamoja. Nguvu ya yale ya sekunde 16 husafiri kilomita 45 kwa saa, ya sekunde 8 nusu yake, hivyo ya sekunde nyingi hutangulia yakiwa bado madogo. Ukiona utabiri wa sentimita 50 kwa sekunde 18, usiudharau. Soma saa zinazofuata moja baada ya nyingine, na kama urefu unapanda, uwe umeshatoka majini na kupanda miamba kabla haujafika kikomo cha unachokimudu.