Kabla Hujafika Tunduma na Gari Lako

Bima kubwa uliyokata Mbeya mjini, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, inaishia Tunduma, mpakani na Zambia. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa huku kwetu hawaambiwi wanapolipia, na wanakuja kulijua wakiwa tayari wameharibikiwa ugenini.

Sisi wa nyanda hizi tunavuka sana. Wanyamwanga wako pande zote mbili, Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga, Malawi, ni ndugu, na misiba na harusi haziulizi mpaka uko wapi. Mimi nina shangazi aliyeolewa Isoka, Zambia, ndiyo maana njia ya Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, nimeizoea. Ukiwa na ndugu ng'ambo, unauona mpaka kama geti la jirani. Kwa mtu mwenye begi tu, ni karibu hivyo. Kwa mtu mwenye gari, sivyo kabisa.

Tuielewe bima kwanza. Ukishavuka, sheria ya Zambia au Malawi inataka gari lako liwe na bima ya kumlipa mtu wa pale utakayemgonga. Ndiyo kazi ya kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wapo wanaodhani haituhusu kwa kuwa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Inatuhusu, maana kwenye mpango huu wa bima tumo, pamoja na Zambia, Malawi, Zimbabwe, Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya, Uganda na wengine. Unaichukua kwa kampuni iliyokukatia bima ya kawaida, kabla ya safari, na unawatajia nchi zote utakazopita. Haisimami peke yake. Imeegemea bima yako ya nyumbani, kwa hiyo bima hiyo ikiisha ukiwa Mpika, ndani ya Zambia, na kadi ya njano imekufa siku hiyo hiyo. Kama bima yako imebakiza wiki mbili, ihuishe kwanza ndipo uondoke.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Kadi ya njano inamlipa yule uliyemgonga, na inasaidia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wako. Gari lako haliligusi. Likipinduka, likiibwa, likiungua, kadi hiyo haina jibu. Na ile bima kubwa unayoitegemea, mkataba wake kwa kawaida unasema inafanya kazi ndani ya mipaka ya Tanzania. Jirani yangu mmoja alipata ajali na Noah yake mbele ya Nakonde, akarudi kwa kampuni yake na mkataba mkononi, akaonyeshwa mstari huo. Alikuwa amelipia bima kubwa miaka mingi bila kukosa. Iliniuma sana, kwa sababu dawa yake ni ndogo: unaiomba kampuni iongeze nchi unazokwenda kwenye bima kubwa, unalipa nyongeza, unapewa karatasi. Usikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "ipo tu hiyo". Iwe kwa maandishi, yenye tarehe na majina ya nchi.

Halafu kaa chini usome kila karatasi, herufi kwa herufi. Safari moja pale mpakani, mbele yangu kulikuwa na dada mwenye Rav4. Ofisa alifungua boneti, akafuta vumbi kwa kitambaa, akamulika tochi ya simu na kuisoma namba ya chesisi kwa sauti huku mwenzake akiifuatisha kwenye kadi ya gari. Ikalingana. Wakahamia kwenye bima, wakakwama. Aliyeandika kava noti, yaani karatasi ya bima, aliweka herufi O mahali pa sifuri kwenye namba. "Dada, hii bima si ya gari hili," ofisa akasema, bila ukali wowote. Yule dada alikuwa na watoto wawili nyuma na msiba unamsubiri. Ilibidi apige simu Mbeya, asubiri wasahihishe na kumtumia upya, na jua likazama akiwa bado upande wetu. Dakika tano mezani kwa wakala zingetosha kuliona kosa lile.

Ukishapewa bima, ingia kwenye tovuti ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, andika namba ya gari uone kama inasoma. Isiposoma, rudi kwa aliyekuuzia.

Kadi ya gari iwe halisi, na jina liwe lako. Kama gari si lako, hata kama ni la mumeo au la kaka yako, nendeni kwa wakili, na mwenye gari atie saini barua ya kukuruhusu kuvuka nalo, inayotaja namba ya gari, ya chesisi, jina lako na la nchi. Gari la kampuni linataka barua ya mkurugenzi yenye mhuri. Gari la mkopo ndilo lenye usumbufu zaidi, kwa kuwa kadi halisi iko benki. Waombe barua na nakala iliyothibitishwa mapema, maana benki hawana haraka na safari yako. Kama uliwahi kubadilisha rangi au injini, hakikisha TRA wameshairekebisha kadi. Polisi wa mpakani hutazama gari lisije likawa la wizi, na gari jekundu lenye kadi inayosema jeupe litakulaza hapo.

Garini uwe na pembetatu mbili za tahadhari, rifleta nyeupe mbele na nyekundu nyuma, na mtungi wa kuzimia moto. Askari wa Zambia huviulizia, na ni rahisi kuvinunua Mwanjelwa, pale Mbeya, kuliko kulipa faini.

Wanaotokea Songea kwenda Msumbiji wajue kwamba kadi ya njano haifiki huko. Unakata bima ya Msumbiji unapoingia. Wanaoteremka hadi Botswana, Namibia au Sauzi watakuta utaratibu mwingine, ambapo fidia ya wanaoumia barabarani hutoka kwenye tozo ya mafuta. Lakini hiyo ni ya mwili wa mtu. Gari la mtu utakaloligonga, na lako mwenyewe, bado ni juu yako.

Pale Tunduma, ukisimamisha gari tu, vijana watakuzunguka: "Bosi, bima hapa, kibali hapa!" Wapo mawakala wa kweli wenye ofisi na leseni, na wapo vishoka. Nawaonea huruma, wanatafuta riziki, ila kadi ya gari yako usimpe mtu usiyemjua akaondoka nayo. Tangu kituo cha pamoja kifunguliwe rasmi Oktoba 2019, maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, na madirisha unaweza kuyapita mwenyewe.

Katika madirisha hayo utapewa kibali cha muda cha kuingiza gari Zambia, na utalipa tozo za barabara na ya hewa ukaa. Kila risiti itunze. Kibali kina tarehe ya mwisho, na ukiona hutaimaliza shughuli kwa wakati, omba kuongezewa siku kabla hakijaisha. Siku ya kurudi, kumbuka saa ya Zambia iko nyuma ya yetu kwa saa moja, usije ukachanganya miadi. Pita dirisha la forodha yao kwanza, wakifunge kibali kwenye mfumo, uondoke na karatasi yenye mhuri. Kisipofungwa, kwa hesabu zao gari lako bado liko Zambia, na safari ijayo utadaiwa ushuru wewe, au yule utakayekuwa umemuuzia gari hilo.