Kadi ya mtandao ikipotea, usianze na draiva

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa kompyuta za Linux uzitunze, kuna hitilafu moja itakayokutoa jasho: leo kadi ya mtandao ipo, kesho umewasha upya haipo, keshokutwa imerudi bila kuguswa na mtu. Kadi ikifa kabisa unaibadilisha na kazi imekwisha. Hii ya kuja na kwenda ndiyo inayomla fundi wiki nzima.

Mimi ilinikuta kwenye kompyuta ya mtumba iliyokuwa sava ya mafaili na printa katika ofisi ndogo. Nilikuwa nimeipangia ijiwashe upya saa tisa za usiku. Asubuhi nyingine nafika nakuta watu wamepanga foleni kwenye printa, hakuna kinachotoka. Nikabadilisha waya. Nikahamia tundu jingine la swichi. Nikaichukua hadi mezani kwangu nikaweka mfumo upya, mara mbili nzima. Kila mara ilipona, nikajipongeza, na baada ya siku chache yakawa yale yale.

Amri niliyopaswa kuipiga tangu dakika ya kwanza ni `lspci -nn`. Inaorodhesha vifaa vinavyoonekana kwenye njia ya PCI, yaani njia ya ndani inayounganisha kadi na madabodi, viwe na draiva (programu inayokiendesha kifaa) au visiwe nayo. Hapo ndipo njia panda ilipo. Kadi ikionekana lakini `ip link`, inayoorodhesha kadi za mtandao ambazo mfumo unazitumia, haiioneshi, piga `lspci -k` utazame kama kuna draiva iliyoishika, kisha usome `dmesg`, yaani ujumbe wa keneli (kiini cha mfumo). Huenda keneli imesasishwa na draiva uliyoiweka kwa mkono imebaki nyuma. Ikionekana kote kuwili lakini mtandao haupandi, angalia jina. Kadi iliyoitwa enp3s0 inaweza kuwa enp4s0 baada ya kuchomeka kadi nyingine, na faili lako la mipangilio bado linaita jina la zamani.

Lakini kama `lspci` yenyewe haiioni, achana na draiva. Hakuna draiva inayoweza kuendesha kifaa ambacho madabodi haijakitambua. Kuna hali nyingine ya katikati: kadi inaorodheshwa, ila mwisho wa mstari kumeandikwa "rev ff". Maana yake keneli imeuliza na kadi haikujibu. Biti zote zimerudi zikiwa 1 tupu, na hiyo ndiyo "ff". Ukiiona hiyo, kadi imezimia, haijasahauliwa.

Kilichonifumbua macho ni daftari. Nililifunga kwa kamba mguuni pa meza, kila asubuhi tunaandika: kadi ipo au haipo, na usiku ulikuwaje. Wiki ya pili nikaona jambo la kuchekesha. Kila umeme ulipokatika usiku, asubuhi kadi ilikuwepo. Kila umeme ulipokaa vizuri, ndipo ilipopotea. Umeme kukatika ndiyo ilikuwa dawa!

Sababu ni hii. Kuwasha upya hakukati umeme. Hata ukizima kompyuta, pawa saplai inaendelea kupeleka volti 5 za akiba kwenye madabodi, na kadi nyingi hunywa humo ili ziweze kuamshwa kupitia mtandao. Zima kompyuta, zunguka nyuma: taa ya tundu la waya wa mtandao ikiwa bado inawaka, kadi haijalala. Basi kadi iliyokwama hubaki imekwama, uwashe upya mara kumi. Na zile mara mbili nilizodhani nimeiponya kwa mfumo mpya, kilichoiponya ni kule kuichomoa ukutani ili niibebe. Niliona aibu peke yangu.

Kwa hiyo jaribio ni jepesi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 hivi ili chaji iliyobaki iishe, subiri nusu dakika, rudisha. Kadi ikirudi kila ukifanya hivyo, umeshajua pa kuchimba. Ingia BIOS (mipangilio ya madabodi yenyewe, kabla mfumo haujawaka) uwashe ErP, ambayo kwenye bodi nyingi hukata umeme wa akiba kompyuta ikizimwa. Gharama yake ni kwamba hutaiamsha tena kwa mtandao. Sasisha BIOS ikiwa kuna toleo jipya. Jaribu pia kuongeza `pcie_aspm=off` kwenye mstari wa kuwashia keneli, maana kadi nyingine hushindwa kuamka kwenye usingizi wa kubana umeme. Kompyuta yenye Windows pembeni, zima ile "Fast Startup" (inayoifanya Windows izime nusu nusu) kabla ya yote.

Kadi ya kuchomeka, itoe na usugue meno yake kwa raba ya penseli. Usicheke, imenisaidia zaidi ya mara moja.

Ukiwa na haraka, piga `echo 1 | sudo tee /sys/bus/pci/rescan`, inayoiambia keneli itafute vifaa upya. Ukiweka `sudo` mbele ya `echo` utakataliwa, kila anayeanza hunaswa hapo. Kadi iliyochelewa tu kuitika itatokea, iliyozimia haitatokea.

Yangu niliwasha ErP, nikafuta ile ratiba ya saa tisa, nao watu wa ofisi wakawa wanazima jioni na kuwasha asubuhi. Na kama kompyuta iko mkoa mwingine, mpigie aliye pale akutazamie taa ya tundu la waya kabla hujakata tiketi ya basi.