Nyumba ya mbao: inasaidia mazingira au inamaliza misitu?

SWALI: Habari za kazi. Nataka kujenga nyumba ya mbao huku Mafinga maana mbao zipo tele. Shemeji yangu ananing'ang'ania nijenge ya tofali za simenti, eti namaliza misitu, ila mtandaoni nasoma nyumba ya mbao inasaidia mazingira. Nani mkweli, na hiyo hesabu inapigwaje? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hesabu yenyewe haianzi siku fundi anapopiga msumari, inaanzia mti unapokatwa, inapita kiwandani, kwenye lori, miaka yote utakayoishi humo na kukarabati, mpaka siku nyumba inabomolewa, na ukiruka hatua moja tu jibu linaweza kugeuka kabisa.

Mbao kavu karibu nusu ya uzito wake ni kaboni ambayo mti uliivuta hewani. Chukua paini za mbili kwa nne futi 12, kama 53 hivi, hiyo ni mita moja ya ujazo, na imebeba kaboni inayolingana na kilo kama 800 za hewa ukaa. Wauzaji wengi wanaishia hapo na mimi sikubaliani nao, kwa sababu hiyo ni amana tu, mbao ikioza au ikichomwa inarudi hewani yote, ndo maana kanuni za Ulaya za kupima majengo, EN 15978, zinahesabu mpaka mwisho wa jengo. Faida ya kweli ni kwamba kaboni inakaa ndani miaka yote nyumba imesimama, halafu kuna simenti ambayo hukuinunua, na simenti sio mchezo, inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa ya binadamu duniani, maana lile jiwe la chokaa linalotengenezea simenti lenyewe likichomwa linatoa hewa ukaa hata moto wake ungekuwa safi vipi.

Kuhusu misitu, ukinunua mbao ya shamba la kupandwa kama Sao Hill hapo jirani, panapovunwa panapandwa tena na lori linasafiri kidogo. Ila ikiwa ni ya msitu wa asili uliovunwa kiholela basi shemeji yuko sahihi, hakuna hesabu itakayokutetea.

Sasa mchwa. Nyumba ikiliwa ukabadilisha mbao baada ya miaka 10 umekata miti mara mbili kwa nyumba ileile, kwa hiyo inua msingi wa mawe, mbao isiguse udongo, paa litokeze vizuri nje mvua isipige ukuta. Mbao za chini chukua zilizotiwa dawa, lakini muulize muuzaji ni dawa gani, kama ni CCA ile inayoacha ukijani basi ina sumu ya aseniki ndani, vipande vinavyobaki usimpe mtu akapikie na majivu yake yasifike bustanini. Mbao za ndani zisizo na dawa funga kwa skrubu badala ya misumari, siku ya kubomoa zikitoka nzima zitajenga banda au nyumba nyingine na ile kaboni inaendelea kukaa humo.