Dawa kukukera na dawa kukukataa ni vitu viwili (majibu kwa aliyeuliza kuhusu mdogo wake)

Mkuu nilisoma swali lako jana usiku nikashindwa kujibu kwa simu, leo duka limepoa ngoja nikae niandike vizuri. Kwa mnaoingia sasa hivi, jamaa ana mdogo wake wa kike miaka 24, kapigwa kolonoskopi (kamera ya kuangalia utumbo mpana kwa ndani) ikaonekana ana kolaitisi ya vidonda, ule ugonjwa wa utumbo mpana kuvimba na kutoka damu, kaanzishiwa sulfasalazini na prednisoloni, kila akinywa anatapika na kichwa kinataka kupasuka, na ndugu wameshakaa kikao wamesema hospitali imeshindwa sasa apelekwe kwa mtu wa mitishamba. Anauliza aendelee na vidonge au aache.

Mimi sio daktari, nauza vitenge Kariakoo. Ila hili gonjwa ninalo tangu 2015 na nadhani dawa karibu zote anazotajiwa huyo binti zimepita mwilini kwangu, nyingine zikanifanyia vituko, moja ilitaka kuniua kabisa. Na kosa kubwa nililofanya miaka ile sio kutapika, ni kuacha dawa kimya kimya bila kumwambia daktari, halafu nikirudi kliniki naulizwa dawa zinaendaje najibu "zinaenda vizuri".

Nielewe hapa kwanza. Kuna dawa inakukera na kuna dawa inakukataa. Inayokukera unaweza ukaongea nayo, ukapunguza, ukabadilisha saa, ukala kwanza, mwisho mkaelewana. Inayokukataa haina mjadala, unaiacha siku hiyohiyo na hairudi tena. Shida ni kwamba kwa mgonjwa zote mbili zinaanza hivihivi, kichefuchefu, tumbo, kujisikia hovyo, na ndio maana unahitaji mtu wa kukusaidia kuzitofautisha badala ya kikao cha ndugu.

Mimi nilianza na miaka miwili ya kuzungushwa. Naenda zahanati naambiwa amiba, napewa Flagyl, wiki mbili nafuu halafu inarudi. Naambiwa taifodi. Naambiwa bawasiri. Kuna mmoja akaniambia ni mawazo, nioe. 2017 ndio nikafanyiwa kolonoskopi wakakata na vinyama vya kupima, na kabla hawajanipa prednisoloni wakanipima choo kuangalia amiba na wakahakikisha sina TB, maana TB ya utumbo inaweza kufanana sana na haya magonjwa hasa yule ndugu yake anayeitwa Crohn, na ukimpa mtu mwenye TB au amiba dawa ya kushusha kinga umemmaliza. Mdogo wako kama hakupimwa hivyo vitu, uliza.

Prednisoloni sasa. Aisee ile dawa ni muujiza na ni balaa, siku ya nne damu ilikata, nikalia. Lakini usingizi ukaisha kabisa, saa nane usiku nimeamka napiga deki sebule, njaa ya kula mpaka sufuria, uso ukajaa ukawa mduara kama sahani, mama mkwe akaniangalia akasema "naona ndoa imekukubali baba". Nikaona aibu, na kwa kuwa damu ilishakata nikajiamulia kuacha. Nilikuwa kwenye miligramu 40 kwa siku, nikaacha kama mtu anavyoacha soda. Siku ya tatu nimesimama juu ya stuli nashusha doti ya juu kwa mteja, miguu ikaisha nguvu, nikadondoka na vitenge vyangu. Baadaye nikaelezwa kwamba ukinywa hiyo kitu kwa wiki kadhaa tezi zilizo juu ya figo zinalala kwa sababu zinaona kazi yao inafanywa na mtu mwingine, sasa ukiikata ghafla zenyewe bado zimelala na mwili unabaki hauna kitu. Ndio maana inashushwa kidogokidogo kwa wiki nyingi. Kwahiyo mkuu, katika zote, hiyo ndio ambayo hata kama kikao cha ndugu kimepiga kura asiiache ghafla. Na akiwa anaitapika, yaani haikai tumboni, hilo nalo ni sawa na kuacha, daktari ajue leo sio mwezi ujao. Ila pia asizoee kuishi nayo, ni ya kuzima moto tu, mifupa na sukari vinaumia ukikaa nayo sana.

Sulfasalazini ndio inayomtesa mdogo wako, na hapa nina neno. Ni dawa ya zamani sana, ilitengenezwa Sweden na daktari mwanamke anaitwa Nanna Svartz, kabla hata ya uhuru wetu huku, na ni dawa mbili zimefungwa pamoja: moja ndio inatibu utumbo, nyingine ni ya jamii ya salfa, imebeba tu mwenzake mpaka bakteria wa utumbo mpana wakawaachanisha. Na huyo mbebaji ndiye mara nyingi analeta kichwa na kichefuchefu. Mimi nilianzishwa na dozi kamili, vidonge viwili mara nne kwa siku, nikatapika mwezi mzima. Mkojo wa rangi ya chungwa, hilo ni kawaida asiogope.

Kilichoniokoa ni kaunta buku. Kuna nesi mmoja mtu mzima aliniambia kijana nunua daftari uandike, nikachora mistari: tarehe, dawa, saa niliyokunywa, nilikula nini, nimeenda choo mara ngapi, damu ipo au haipo. Nikaenda nalo kliniki, daktari akalipitia kwa kalamu, akanyamaza kidogo, akaniuliza "hii ya saa kumi na moja alfajiri unakunywa na nini?" Nikamwambia na chai ya rangi, maana natoka Mbagala mapema kuwahi duka. Akageuza kurasa, kila kutapika kulikuwa saa kumi na mbili na kitu, ndani ya daladala, na dozi za mchana na usiku nilikuwa sitapiki. Yaani mwezi mzima nilidhani dawa imenikataa kumbe ilikuwa inaingia kwenye tumbo tupu. Akanirudisha kwenye kidonge kimoja mara mbili baada ya chakula, kila wiki tunaongeza kimoja, na asidi ya foliki juu yake kwa sababu ile dawa inaizuia. Nikafika dozi kamili bila shida. Huko ndiko kukerwa.

Ila akitoka vipele mwili mzima, homa, vidonda mdomoni, macho kuwa ya njano au mkojo mweusi kama Coca-Cola, huko sio kukerwa tena, anaacha na anaenda hospitali siku hiyo. Na kama anajua ana mzio wa salfa au kuna wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) kwenye ukoo wenu, aseme mapema, huku kwetu wapo.

Kuna kitu cha wanaume ambacho hakimhusu yeye lakini niandike kwa faida ya wengine. Tulitafuta mtoto mwaka na nusu, mke wangu kapimwa kila kitu, kanyweshwa kila kitu, mawifi wameshaanza maneno. Kumbe sulfasalazini inashusha mbegu za kiume na hakuna aliyewahi kuniambia. Nikahamishiwa mesalazini, ile yenye dawa inayotibu peke yake bila salfa, baada ya miezi kama mitatu kipimo kikapanda, leo binti yangu yupo chekechea. Mke wangu hajawahi kudai aombwe radhi na wale mawifi, mimi ndio bado nadai.

Mesalazini kwangu haikuleta shida zaidi ya bei, ila kuna watu wachache inawageuka, badala ya kutibu inazidisha kuharisha damu na homa ndani ya wiki chache za mwanzo, na inachanganya maana inafanana na ugonjwa wenyewe kupanda. Hapo tena daftari linasema, kama alianza kuharibikiwa baada ya kuanza dawa na anapata nafuu akiisimamisha, daktari anaelewa. Figo pia zipimwe mara kwa mara.

Halafu 2021 ugonjwa ukapanda, nikaanzishiwa azathioprini, nayo ni dawa ya kushusha kinga. Hiyo ndio ilinikataa. Nilielekezwa vizuri, FBP (kipimo cha kuhesabu chembe za damu) kila wiki mwanzoni kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, na nikaambiwa itachukua hata miezi mitatu kufanya kazi. Siku ya 18 jioni nikaanza maumivu chini ya kifua, yanatoboa mpaka mgongoni, nikakaa nimejikunja kwenye robota la vitenge nikisema ni gesi. Natapika mpaka maji. Saa sita usiku nikapelekwa hospitali, kongosho limevimba. Wakasimamisha dawa, dripu siku tano, nikapona. Daktari akaandika kwa wino mwekundu kwenye faili, na mimi nina karatasi kwenye waleti: AZATHIOPRINI – KONGOSHO – HAPANA. Ipo dawa ndugu yake inaitwa merkaptopurini, mtu aliyekuwa anatapika tu kwa azathioprini anaweza kujaribiwa nayo na wengine inawakubali, lakini kwa aliyepata kongosho kama mimi mlango ule umefungwa.

Sasa mwulize daktari wake jambo hili, ugonjwa wa mdogo wako uko sehemu gani? Maana kama uko chini, kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo, na ule upande wa kushoto, kuna dawa za kuingiza kwa nyuma, vidonge vya kupachika na dawa ya maji ya kichupa. Najua, mimi mwenyewe niliposikia nilikataa, mwanaume wa Kitanzania niingize nini? Nikajiumiza miezi sita kwa ubishi. Inafanya kazi palepale penye kidonda na kiasi kidogo sana ndio kinaingia kwenye damu, kwahiyo kwa mtu anayetapika vidonge ni mlango mwingine kabisa. Nalala kwa ubavu wa kushoto, chini natandika khanga kuukuu kwa sababu inatia madoa hayatoki, taa nazima, asubuhi maisha yanaendelea. Mpaka leo natumia hiyo usiku pamoja na mesalazini ya vidonge.

Zipo na zile za dripu, infliximab na wenzake, unachomwa mwanzo, wiki ya pili, wiki ya sita halafu kila wiki nane, lazima upimwe TB na homa ya ini kwanza. Nilipoulizia bei nilicheka tu, nikaaga. Na upasuaji wa kuutoa utumbo mpana wote, daktari amenichorea kwenye karatasi mfuko unavyokaa tumboni, sijafika huko ila sijaukimbia tena kama zamani, kwa kolaitisi ya vidonda ukishautoa utumbo wenyewe ndio umeutoa ugonjwa.

Mitishamba. Sitaki ugomvi na mtu ila nitasema nilichofanya, nilikunywa shubiri wiki mbili kwa kuambiwa inasafisha. Inasafisha kweli, ni ya kuharisha ile! Nilienda choo mara 14 kwa siku moja, nimeandika. Na kuna nyingine ya dukani kabisa watu hawaijui, mgongo uliniuma nikanunua diklofenaki, baada ya siku chache damu ikarudi. Mdogo wako akiumwa kichwa atumie panadol, aachane na diklofenaki na ibuprofeni mpaka aulize.

Chakula sina sheria ya kumpa, kila tumbo lina mambo yake. Mimi ugonjwa ukipanda nakaa kwenye wali, ndizi za kuchemsha, samaki wa mchuzi mwepesi, maharage na kachumbari vinasubiri. Ukitulia nakula pilau kama watu. Barabarani najua kila choo kuanzia Rangi Tatu mpaka Kariakoo, sheli ipi wana roho nzuri na msikiti upi haufungwi mchana, na mfukoni haikosi mia tano ya choo cha kulipia.

Akianza kwenda choo cha damu mara 6 au zaidi kwa siku na ana homa au moyo unakimbia, hiyo usije kuuliza hapa, mpeleke.

Kwa leo fanya hivi mkuu, muulize anakunywa vidonge vingapi, saa ngapi, na alikuwa amekula nini kabla, na anatapika baada ya muda gani. Niandikie hapa hapa, nipo dukani mpaka saa kumi na mbili.