Kitanda Kifuate Kibali

SWALI: Ndugu Mhariri, shule zitakapofungwa Desemba nimekusudia kuipeleka familia yangu msitu wa Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda, tukawaone gorila. Vibali vitatu vya kuwaona tumekwisha kuvipata, vyote vya upande wa Rushaga. Rafiki yangu anaisifu mno loji moja ya Buhoma ambayo bei yake ni nafuu, na wenyewe wanataka niwatumie arubuni kabla ya Ijumaa. Tutakuwa mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 17, mdogo wake wa miaka 12, na mama yangu mzazi ambaye magoti yanamsumbua. Je, nilipe?
Msomaji, Jinja

JIBU: Usilipe, ndugu yangu. Loji hiyo yaweza kuwa nzuri kama ulivyosimuliwa, ila iko upande usio wenu. Msitu wa Bwindi una kilomita za mraba 321 tu, na kwenye ramani Buhoma na Rushaga huonekana kama majirani wa kuazimana chumvi. Lakini Buhoma iko kaskazini na Rushaga iko kusini, na gari linalotoka huku kwenda kule hupanda na kushuka milima kwa saa kadhaa, hasa ikiwa mvua imenyesha na udongo umeteleza. Vibali hutolewa kwa sekta, yaani sehemu za msitu, nazo ni nne: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Mwenye kibali cha Rushaga hutakiwa kufika Rushaga kabla ya saa mbili asubuhi, wakati askari wa wanyamapori wanapoanza kutoa maelezo na kuwagawa wageni katika makundi ya watu wasiozidi wanane.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Wakala mmoja aliwahi kunilaza upande usiofaa, tukaondoka saa tisa usiku, na nilipofika kwenye maelezo nilikuwa nimechoka kama niliyekwisha kuupanda mlima.

Basi tafuteni malazi Rushaga kwenyewe, au upande wa Nkuringo na Ziwa Mutanda iwapo dereva anaijua njia na mko tayari kuamka mapema. Wapo wanaolala Kabale au kando ya Ziwa Bunyonyi. Hapo ni pazuri kwa kupumzika mkiwa njiani, kwa sababu kutoka Jinja hadi Bwindi kwa siku moja ni kuwaonea wazee na watoto, lakini usiku wa kuamkia safari ya msituni laleni karibu na lango la kuingilia msituni.

Sasa mama. Loji nyingi za huko zimejengwa kwenye migongo ya milima ili mgeni alione bonde, na maana yake ni ngazi: kutoka maegesho hadi mapokezi, kutoka mapokezi hadi chumbani, na tena kwenda mezani. Usiulize kama mahali ni pazuri kwa wazee, kwani utajibiwa ndiyo. Uliza kuna ngazi ngapi kati ya chumba na chumba cha kulia, na umwombe aliyepokea simu akutumie picha ya njia yenyewe, si ya kitanda chenye maua. Na akitamani naye kuwaona gorila, mtakapotafuta kibali chake ulizieni machela: vijana wa vijijini humbeba asiyeweza kutembea, na kwa utani huiita helikopta.

Huyo wa miaka 12 hataruhusiwa kuwafuata gorila, kwa kuwa umri wa chini ni miaka 15. Atabaki na bibi yake kutwa nzima, maana saa mnayokaa na gorila ni moja tu lakini kuwatafuta kwaweza kuchukua nusu siku au zaidi. Kwa hiyo chagueni mahali penye uwanja na mtu wa kumtembeza mtoto kijijini.

Kuhusu bei, hakikisheni kama ni ya chumba tu au pamoja na milo, kwa sababu nje ya loji migahawa ni michache. Usiku huko ni baridi. Loji inayoweka chupa ya maji moto chini ya blanketi ina thamani kuliko yenye televisheni. Umeme mara nyingi ni wa jua, na maji ya kuoga sehemu nyingine huletwa kwa dumu mkiagiza, hivyo agizeni mara mtakaporudi, kabla hamjavua viatu.

Arubuni itumwe baada ya kupata kwa maandishi jina la sekta na tarehe.