Hiyo kamba ya kuburuta nyuma irudishe dukani

Mkuu, umeuliza kamba ya meta 20 ya kuburuta nyuma, ili ukianguka majini uidake, iwe ya unene gani ukienda kisiwa cha Mbudya peke yako na boti ya tanga ya futi 22, pamoja na ngazi, jaketi la kuokolea na mfuko wa simu. Kamba hiyo haina unene unaofaa.

Piga hesabu. Kwa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, boti inakwenda kama meta 2.5 kwa sekunde. Meta 20 zimeshakupita ndani ya sekunde 8, wewe bado unatema maji ya chumvi. Haya, umeidaka. Usukani umefungwa, tanga limejaa, boti haina habari na wewe. Maji yanakupiga usoni, mabega yanachomoka, na mwendo ukiongezeka mara mbili, maji yanakuvuta mara nne. Hapo hajivuti mtu, hata awe mbeba vyuma. Umekuwa chambo.

Wanaosema "weka kamba ndefu, inatosha" hata mimi waliniuzia hayo maneno, wakiwa gatini na soda mkononi. Mwambie mmoja wao aruke akuonyeshe.

Usifike majini, basi. Vaa mkanda wa kifuani wenye kamba fupi, uifunge katikati ya boti, kwenye jicho la chuma lililopenya sitaha na kubanwa chini kwa bamba na nati. Usifunge kwenye reli ya ubavuni, maana urefu wote wa kamba utaishia nje. Pima boti ikiwa imetia nanga: kaa upande wa demani, ule upepo unakoelekea, jitupe nje. Kiuno kikivuka ukingo, fupisha. Kamba ya meta 2 inakuburuza ubavuni kichwa kikiwa majini, na watu wamezama hivyo hivyo wakiwa wamefungwa. Kulabu ya kifuani iwe ya kufunguka hata kamba ikiwa imekaza, na kisu kiwe karibu. Jifunge kabla hujatoka ndani, siyo ukishafika kwenye mlingoti. Na kojo ni kwenye ndoo. Nyuma ya boti pameshaondoka na wanaume wengi.

Haya ni ya boti yenye mkuku mzito, ule uti wa chini unaoizuia kupinduka. Ngalawa au kidau kinachopinduka usijifunge nacho, kikipinduka king'ang'anie.

Ngazi: daraja la mwisho lizame nusu meta au zaidi, na kamba ya kuishushia ining'inie hadi aliye majini aifikie. Ile ya kamba tupu miguu inaingia chini ya boti, unabaki chali. Jaribu kupanda ukiwa na nguo zote na jaketi limejaa upepo, mtu mwingine akiwa juu.